Nembo Isiyo na Mandharinyuma Mbele ya Mashine ya Kuchapa

Kila anayekaa karibu na wachapaji, iwe Kariakoo mjini Dar es Salaam, River Road mjini Nairobi au Nasser Road mjini Kampala, ameyasikia malalamiko haya. Mteja ameleta nembo ambayo kwenye simu yake inapendeza, imechapwa juu ya fulana ya bluu, nayo imetoka ikiwa ndani ya kisanduku cheupe. Au kisanduku hakipo, lakini tundu la herufi "o" limejaa weupe. Au kivuli laini kilichokuwa chini ya jina la kampuni kimegeuka ukungu mchafu. Mteja humlaumu mchapaji, mchapaji humlaumu mbunifu, naye mbunifu hufungua kompyuta yake na kuonyesha kwamba kila kitu kiko sawa. Wote watatu wanasema kweli kwa upande wao, na ndiyo maana ugomvi huu hauishi.

Kiini chake ni kwamba mashine ya kuchapa haijui kitu kiitwacho uangavu. Inajua kuweka wino na kutoweka wino. Kwenye kompyuta tunaweza kuamuru rangi ionekane kwa asilimia 40 tu na kilicho chini yake kijitokeze, lakini mwisho wa safari, katika kila sehemu ndogo ya karatasi au kitambaa, ama pana nukta ya wino ama hapana. Kwa hiyo kila sehemu angavu ya mchoro ni swali ambalo lazima mtu alijibu kabla kazi haijaingia mashineni: chini yake patakuwa na nini? Ninachokitetea hapa ni kwamba jibu hilo ni la mbunifu, si la mchapaji, na kwamba faili tunaloliita "lisilo na bakgraundi" halijakamilika hadi ijulikane litachapwa juu ya nini.

Tuanze na mchoro wenyewe. Picha ya kamera ni gridi ya pikseli, na kila pikseli lazima iwe na rangi fulani. Ili pikseli iseme "hapa hapana kitu" inahitaji kubeba taarifa ya ziada, ile chaneli ya alfa ambayo Ed Catmull na Alvy Ray Smith waliibuni New York mwishoni mwa miaka ya 1970. Vekta haina haja ya taarifa hiyo. Yenyewe ni maelezo ya kihesabu: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale, ndani jaza rangi hii. Vipinda vyake ni vilevile ambavyo Pierre Bézier wa Renault na Paul de Casteljau wa Citroën walivitafutia hesabu kule Ufaransa kwa ajili ya kuchora mabodi ya magari. Pasipochorwa umbo, hapana kitu. Weupe unaouona nyuma ya mchoro kwenye Adobe Illustrator au CorelDRAW ni karatasi ya kuigiza tu, iliyowekwa ili jicho lipate pa kutulia. Mchoro wa vekta huzaliwa bila mandharinyuma.

Basi kwa nini watu wanahangaika kutwa kuiondoa? Kwa sababu aghalabu vekta ya asili imepotea. Nembo ilichorwa miaka kadhaa iliyopita, mbunifu akamkabidhi mwenye biashara JPEG moja, na JPEG haiwezi kubeba uangavu hata kidogo. Picha hiyo ikazunguka kwenye WhatsApp, kila ilipotumwa kama picha ya kawaida ikabanwa zaidi, hadi kingo zake zikawa na vumbi la kijivu. Siku ya kuchapa fulana za mkutano inapofika, kilichopo ni hicho. Mtu huipitisha kwenye chombo kinachofuatilia mistari ya picha na kuigeuza vekta kiotomatiki, kisha huamini kwamba tatizo limekwisha.

Halijaisha, limejificha. Chombo hicho hakijui kwamba weupe ni utupu. Kwake ni rangi kama rangi nyingine, hivyo huunda umbo jeupe nyuma ya nembo na vipande vidogo vyeupe ndani ya kila "a", "b", "d", "e" na "o". Huongeza pia vituo vingi visivyo na kazi kwenye kila kipinda, na mshipa wa herufi uliokuwa laini huanza kutetemeka. Juu ya karatasi nyeupe huoni kitu. Juu ya kitambaa cheusi kila kipande kinajitangaza. Tundu la herufi linatakiwa liwe tundu la kweli, yaani umbo la nje na la ndani liunganishwe kuwa njia moja ili kilicho chini kionekane katikati. Illustrator hufanya hivyo kwa Ctrl+8 na CorelDRAW kwa Ctrl+L. Ukaguzi wake ni mwepesi na unashangaza jinsi wachache wanavyoufanya: weka mstatili wa majenta kali chini ya mchoro wote. Chochote kitakachobaki cheupe ni umbo jeupe, si utupu. Na ikiwa nembo ina maumbo machache, ni heri kuichora upya kwa mkono, kipinda kwa kipinda, kuliko kukesha ukisafisha uchafu wa chombo cha kufuatilia.

Sehemu ngumu zaidi ni vitu vilivyo nusu angavu: vivuli, mng'ao, rangi mbili zinazopishana. Ili kuelewa kwa nini vinasumbua hadi leo, inabidi kurudi nyuma kidogo. PostScript, lugha ya kuelezea kurasa ambayo Adobe waliitoa mwaka 1984, ilichukulia rangi kama rangi ya mafuta ukutani: inayopakwa baadaye huifunika kabisa iliyotangulia. Illustrator ilipotoka mwaka 1987 ilifuata kanuni hiyohiyo, na faili la EPS linaifuata mpaka sasa. Uangavu wa kweli uliingia Illustrator katika toleo la 9 mwaka 2000, na mwaka 2001 PDF 1.4 ikaupa mahali pa kukaa. Lakini mitambo ya kutengeneza pleti, yaani mabamba ya kuchapia, ilikuwa bado inasoma PostScript. Mbunifu alikuwa ameshapewa uhuru ambao mtambo haukuuelewa.

Ufumbuzi ukawa kuulaza uangavu. Programu huchukua maumbo yanayopishana na kuyakata vipande, kila kipande kikawa na rangi moja kamili isiyopenyeza chochote. Duara jekundu lililo nusu angavu juu ya mraba wa bluu hugeuka vipande vitatu: chekundu hafifu, cha bluu, na cha zambarau pale vilipokutana. Mahali ambapo kukata hakuwezekani, kama kwenye kivuli kinachofifia polepole, sehemu hiyo hugeuzwa pikseli. Hapo ndipo yanapotoka maajabu ambayo wachapaji wanayajua vizuri. Mistari myeupe myembamba kama unywele hutokea kwenye maungio ya vipande. Maandishi yaliyokuwa chini ya kivuli hugeuzwa maumbo na kunenepa, huku sentensi ya jirani ikibaki nyembamba. Rangi maalumu ya kampuni, iliyochaguliwa kwenye kitabu cha Pantone, hubadilishwa kimyakimya kuwa mchanganyiko wa wino nne.

Kwa hiyo maandishi yakae tabaka la juu kabisa, juu ya kila kilicho angavu, ili yasiguswe. Kuhusu mistari myeupe, kuza ukurasa: ikibaki myembamba vilevile au ikitoweka, ni kasoro ya kioo tu, ikinenepa pamoja na mchoro, jiandae kuiona kwenye karatasi. Na vivuli hata ndani ya faili la vekta ni pikseli, kwa hiyo kipimo cha ubora wa vivuli hivyo kinatakiwa kuwa nukta 300 kwa inchi. Faili lililoanzishwa kwa ajili ya wavuti huwa limewekwa 72, na kivuli chake kitatoka na ngazi.

Viwango vya kimataifa vimeufuata mvutano huo hatua kwa hatua. PDF/X-1a ya mwaka 2001 ilipiga marufuku uangavu kabisa: mbunifu alipaswa kuulaza mwenyewe kabla ya kukabidhi kazi. PDF/X-4, iliyopitishwa mwaka 2008, huuruhusu ubaki hai hadi kwenye kompyuta inayoandaa pleti, ambako injini za kisasa, kama ile ambayo Adobe waliitoa mwaka 2006, huukokotoa kwa ubora wa mashine yenyewe. Kwa maoni yangu, PDF/X-4 ndiyo iwe chaguo la kwanza leo, na X-1a itumike pale tu mchapaji anapoiomba kwa sababu mtambo wake ni wa zamani. Ukishaulaza uangavu, hauinuki tena. Anayelaza mapema kwa hofu anatupa uwezo wa kurekebisha, na mara nyingi kwa faida ya mtambo ambao hakuuliza hata kama upo.

Hayo yote bado ni faili. Wino unapokutana na kitu halisi, mambo hubadilika, na hapa ndipo kazi nyingi za kwetu huharibika.

Mashine ya ofseti haina wino mweupe. Ina samawati, majenta, njano na nyeusi, na weupe wote unaouona kwenye kitabu ni karatasi iliyoachwa. Kwa hiyo juu ya karatasi nyeupe, "cheupe" na "hakuna kitu" ni jambo moja, na kosa la kuvichanganya halina adhabu. Mbunifu aliyelelewa na kadi za biashara, vipeperushi na barua za ofisi anaweza kufanya kazi muda mrefu bila kujua kwamba hajatofautisha viwili hivyo. Karatasi nyeupe ni mwalimu mpole mno.

Mfuko wa kaki si mpole. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019, na mifuko ya karatasi na ya kitambaa ikapata soko jipya la nembo. Hapo sehemu "nyeupe" ya nembo hutoka rangi ya kaki, kwa sababu hapana wino wa kuifanya nyeupe. Mbaya zaidi, wino wa rangi nne wenyewe ni mwangavu. Mashine haijui uangavu, ndiyo, lakini wino unapitisha mwanga, na rangi ya kilicho chini huchanganyika nao kila mara. Njano ya nembo juu ya kaki huelekea kahawia, na samawati huelekea kijani kichovu. Hakuna mpangilio wa faili utakaolizuia hilo. Ama nembo ipewe tabaka la wino mweupe chini, ikiwa mchapaji ana njia ya kuuweka, ama litumike toleo la rangi moja nzito, nyeusi au kijani kibichi, linalostahimili kaki. Mimi huona toleo la rangi moja ndilo zuri zaidi, na gharama yake ni ndogo.

Kwenye fulana, kila njia ina tabia yake. Uchapaji wa skrini unataka skrini moja kwa kila rangi, kama ilivyo kwa khanga: mahali ambapo hakuna skrini iliyopitisha wino, kitambaa chenyewe ndicho rangi. Wanaobuni khanga wanalijua hili kuliko wabunifu wengi wa kompyuta, kwani kwao nafasi iliyoachwa wazi kati ya pindo na mji ni sehemu ya mchoro, haikubaki kwa bahati. Katika skrini hakuna asilimia 40 ya wino. Anayetaka rangi hafifu lazima aivunje kuwa nukta zenye ukubwa tofauti, nazo zisiwe ndogo kiasi cha kuziba matundu ya wavu. Basi vekta ya skrini iwe na rangi chache zilizo kamili, kila rangi katika tabaka lake, bila kivuli wala mng'ao.

Mashine za kuchapa kwenye filamu, zile ambazo mitaani zinaitwa DTF, zimeleta wino mweupe hadi kwenye maduka madogo, na hapa chaneli ya alfa inapata kazi kubwa ambayo wengi hawaijui. Programu ya mashine husoma sehemu zenye rangi katika faili na kutandika weupe chini yake. Sehemu angavu haiwekewi chochote. Ndiyo sababu mandharinyuma nyeupe iliyosahaulika hutoka kama kisanduku: programu imeambiwa kuna rangi, ikatii. Na ndiyo sababu kivuli laini huharibika. Penye rangi hafifu panatandikwa nukta chache za weupe, gundi ya unga haipati pa kushika vizuri, na kilichotakiwa kuwa kivuli kinakuwa chokaa. Kwa kazi hii kingo ziwe kali, vivuli viondolewe au vivunjwe kuwa nukta kwa makusudi, na tabaka la weupe lipunguzwe kidogo ndani ya kingo za rangi ili lisichungulie pembeni. Hapa PNG angavu ni faili halali kabisa, mradi limetolewa moja kwa moja kutoka kwenye vekta, kwa ukubwa halisi wa kuchapwa, nukta 300 kwa inchi.

Jezi za michezo hupikwa kwa njia nyingine: rangi hugeuzwa mvuke kwa joto na kuingia ndani ya nyuzi za poliesta. Rangi hiyo haina weupe na haifuniki kitu, hivyo kitambaa cha kuanzia lazima kiwe cheupe au cha rangi hafifu sana. Stika za kukatwa kwa plota ziko upande wa pili kabisa. Kisu hakijui rangi, kinajua mstari, na kila umbo lililojificha chini ya jingine litakatwa nalo. Bango kubwa la barabarani, kwa upande wake, halihitaji mjadala mrefu, kwani turubai yake ni nyeupe na nukta 100 kwa inchi zinatosha.

Mwaka 2017 kampuni moja, SportPesa, ilizidhamini klabu za soka za Simba na Yanga kwa wakati mmoja. Fikiria kazi ya anayeandaa nembo ya mdhamini wa aina hiyo: jina lilelile linapaswa kusomeka juu ya jezi nyekundu, juu ya ya njano na juu ya ya kijani, kisha kwenye bango na kwenye karatasi ya mkataba. Faili moja angavu halitoshi. Rangi iliyo hai juu ya njano inaweza kufa juu ya nyekundu. Anayedhani kuondoa mandharinyuma kumemaliza kazi amefanya nusu yake, kwa sababu nembo angavu hukopa rangi ya pale inapokaa, na kila pahali panahitaji toleo lake lililopimwa kwa macho.

Kosa moja ninalitenga peke yake kwa sababu halionekani kwenye kioo hata kwa mtu makini. Kwa kawaida umbo la juu hutoboa rangi iliyo chini yake kabla ya kuchapwa. Lakini umbo linaweza kuamriwa lisitoboe, wino wake ulale juu ya wino mwingine, na hilo ni jambo jema kwa maandishi meusi madogo, maana karatasi ikisogea kidogo hapatokei pengo jeupe. Sasa mbunifu anachukua nembo nyeusi yenye amri hiyo, anaibadilisha kuwa nyeupe ili ikae juu ya rangi nzito, na amri inabaki. Mashine inaambiwa: usitoboe, kisha weka wino mweupe ambao huna. Nembo inapotea yote. Kwenye kioo ilikuwepo, kwenye nakala zote zilizochapwa haipo. Illustrator na Acrobat zina hali ya kuonyesha matokeo ya amri hiyo pamoja na kila pleti peke yake. Dakika chache za kuitazama zinaokoa shehena nzima ya karatasi.

Rangi nayo inataka uamuzi wa mapema. SVG na PNG huishi katika rangi za mwanga, RGB, na mbinu nyingi za kuchanganya tabaka hutoa matokeo tofauti zinapohamishiwa CMYK, yaani zile rangi nne za wino wa ofseti. Mng'ao uliochangamka kwenye kioo huzimika kwenye wino. Faili la ofseti lianzishwe katika CMYK tangu mwanzo, uchanganyaji ufanyike humo, na liwe na ziada ya milimita 3 nje ya mstari wa kukatia. Asiye na fedha za programu za kulipia hajafungiwa mlango: Inkscape huchora vekta nzuri bila malipo, ingawa hufanya kazi kwa RGB, na Scribus, nayo ya bure, huweza kuipokea kazi hiyo na kutoa PDF ya CMYK.

Rudi sasa kwa wale watatu wanaogombana. Mchapaji wa River Road au Kariakoo hupokea kazi jioni inayotakiwa asubuhi. Akikuta kisanduku cheupe atakifuta kwa haraka, atajaza tundu hapa, atakata ukingo pale, na nembo ya mtu itabadilika umbo kidogo kila inapopita dukani. Simlaumu; anaokoa kazi. Lakini maamuzi anayoyafanya saa tatu usiku ni ya mtu mwingine aliyelipwa kuyafanya. Mbunifu anayekabidhi JPEG na kuondoka hajamaliza kazi aliyolipwa. Kinachostahili kukabidhiwa ni PDF ya vekta yenye maandishi yaliyogeuzwa maumbo, SVG kwa ajili ya wavuti, toleo la rangi kamili, toleo la rangi moja, toleo jeupe kwa ajili ya mahali penye giza, na PNG angavu iliyo kubwa ya kutosha.

Nawe mwenye biashara, kabla hujamalizia malipo ya nembo yako, dai mafaili hayo, yapokee kwa barua pepe au kwa WhatsApp yakiwa yametumwa kama nyaraka, si kama picha, na uyahifadhi mahali zaidi ya pamoja. Siku ukienda kuchapa, sentensi ya kwanza kumwambia mchapaji iwe juu ya kitu gani na cha rangi gani nembo yako itakaa.